Mnunuzi wa Uholanzi anataka karatasi za vifungashio, nimjibu nini?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Njombe mwenye pakihausi ndogo ya parachichi za Hass. Nalifupisha maana lilikuwa refu: "Mnunuzi wetu wa Uholanzi katutumia fomu, anataka uzito wa kila kifungashio kwa gramu, kimetengenezwa na nini, na tamko kwamba hakina kemikali fulani. Anasema ni sheria mpya ya Ulaya. Sisi tunatumia katoni za kilo nne, stika kwenye kila tunda, paleti za mbao. Sheria hii inatuhusu sisi au inamhusu yeye? Nibadilishe katoni zote? Kuna kijana kaniletea vifungashio vya 'bio' vya bei ya juu, nivichukue? Au tuachane na Ulaya tupeleke Dubai tu?"

Dada yangu, pole na hiyo fomu. Jibu fupi ni kwamba katoni usibadilishe kwa sasa, hiyo bio usinunue, fomu ijaze, na stika ndo kitu cha kuanza kukishughulikia mapema. Sasa tuje kwenye maelezo, maana huyo mnunuzi wako akikuuliza kwa nini unatakiwa uwe na cha kumwambia.

Sheria anayoisema ni kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2025/40, wenyewe wanaiita PPWR, iliingia rasmi tarehe 11 Februari 2025 na sehemu yake kubwa inaanza kutumika 12 Agosti 2026. Zamani kulikuwa na mwongozo wa mwaka 1994 ambao kila nchi ilikuwa inauchukua na kutunga ya kwake, ndo maana Mfaransa alikuwa na masharti yake na Mjerumani ya kwake na sisi huku tunachanganyikiwa. Hii mpya inazishika nchi zote 27 moja kwa moja. Sababu yao kubwa ni takataka, mkazi mmoja wa Ulaya anazalisha karibu kilo 180 za taka za vifungashio kwa mwaka, sasa wamejiwekea kuzipunguza kwa asilimia 5 ifikapo 2030, 10 ifikapo 2035 na 15 ifikapo 2040, wanalinganisha na mwaka 2018. Kwahiyo usitegemee kwamba ni upepo utapita.

Inakuhusu wewe au yeye? Kisheria inamkaba yeye, hakuna afisa wa Ulaya atakayekuja Njombe kukagua stoo yako. Impota, yaani huyo mnunuzi anayeingiza mzigo Ulaya, haruhusiwi kuuingiza sokoni mpaka ajiridhishe kwamba kifungashio kina tamko la kukidhi masharti na nyuma ya tamko kuna faili la kitaalamu, na hilo faili linatunzwa miaka 5 kwa kifungashio cha kutumika mara moja, miaka 10 kwa kile kinachorudishwa kutumika tena. Ila hapa ndo penye mtego ambao wengi hawauoni. Tamko linaandikwa na "mtengenezaji", na mtengenezaji kwenye sheria hii sio lazima awe kiwanda kilichokukatia katoni, anaweza kuwa yule ambaye kifungashio au bidhaa iliyofungashwa inatoka kwa jina lake au chapa yake. Sasa nenda stoo kaangalie katoni zako. Kama zimechapwa nembo ya pakihausi yako kubwa katikati, wewe ndo unaweza kuhesabika mtengenezaji na tamko ni lako. Kama zina nembo ya mnunuzi maana ndiye aliyekutumia dizaini, basi tamko ni la kwake na wewe kazi yako ni kumpa taarifa za kulijaza. Kama una katoni za aina mbili, kama pakihausi nyingi zilivyo, jibu ni mawili. Hili liulize kwa maandishi kabla hujasaini chochote, kwa sababu nimeona fomu za namna hiyo ambazo ukurasa wa mwisho una sentensi ndogo inayosema muuzaji anabeba gharama zote endapo taarifa zitakuja kuonekana sio sahihi, na mtu kasaini bila kusoma kwa sababu kontena lilikuwa linasubiri.

Haya, kujaza fomu yenyewe. Usimpe kijana wa ofisini abuni namba. Chukua katoni moja tupu na mizani ya kidijitali inayosoma gramu, pima katoni, pima karatasi au trei ya ndani kama unatumia, pima lebo ya ubavuni. Stika moja haitasoma kwenye mizani hiyo, kwahiyo bandua stika mia, zipime pamoja halafu gawa, na usizipime na ile karatasi ya nyuma yenye kuteleza maana hiyo inabaki kwako haiendi bandarini Rotterdam. Ukimaliza nenda kwenye paleti, huko ndo watu wanasahau kabisa: ile mikanda ya plastiki, kona za kadibodi za kusimamisha paleti, neti kama mnazungushia, paleti yenyewe. Vyote hivyo ni vifungashio kwa macho ya sheria. Paleti za mbao tayari unazijua kwa ule muhuri wa HT, kwamba mbao imepashwa joto mpaka kiini kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30, muhuri huo ni wa mambo ya wadudu na hauhusiani na hii sheria, lakini uzito wa paleti bado wanautaka.

Kwenye safu ya "imetengenezwa na nini" usiandike "karatasi" ukaishia hapo. Andika kadibodi ya mawimbi, tabaka ngapi, imepakwa nta au haijapakwa, ina filamu ya plastiki ndani au haina, wino ni wa maji au wa aina gani. Hujui? Sawa, hakuna anayejua bila kuuliza, mwandikie sapulaya wako wa katoni barua ya nusu ukurasa. Mwambie unataka kwa maandishi vitu vitatu. Cha kwanza ni huo muundo. Cha pili, kwamba risasi, kadimiamu, zebaki na kromiamu ile mbaya (kromiamu VI) kwa pamoja havizidi miligramu 100 kwa kilo, na hiki ni cha zamani, kilikuwepo tangu sheria ya 1994, asikwambie ndo anakisikia leo. Cha tatu ni zile kemikali alizokuuliza mnunuzi, zinaitwa PFAS, ni za kuzuia maji na mafuta yasipenye kwenye karatasi. Kuanzia 12 Agosti 2026 kifungashio kinachogusa chakula hakitakiwi kuwa na zaidi ya mikrogramu 25 kwa kilo kwa kemikali moja moja, mikrogramu 250 kwa jumla ya zile zinazopimwa, na miligramu 50 kwa kilo ukihesabu PFAS zote pamoja na zile za kipolima, yaani za minyororo mirefu kama plastiki. Parachichi ni chakula hata kama mtu anamenya ganda, na tunda linagusa katoni, kwahiyo hapa huna pa kukwepea.

Je, upeleke katoni maabara? Sio hatua ya kwanza. Vipimo vya namna hii ni hela nyingi na kiwanda cha katoni kinaweza kupima mara moja kikawahudumia wateja wote, wewe peke yako ukibeba gharama hiyo utakuwa umemfanyia kazi sapulaya. Akikwambia hana majibu mwambie aulize kiwanda cha karatasi alikonunua, huko wanazo maana wanauza dunia nzima. Ikibidi upime mwenyewe, anza na kipimo cha florini yote, maana kila PFAS ina florini ndani yake, ni cha kuchuja tu, kikizidi miligramu 50 kwa kilo ndo unatakiwa ueleze hiyo florini imetoka kwenye nini. Katoni ya kawaida ya kahawia mara nyingi haina sababu ya kuwekewa PFAS, mi ningeangalia zaidi zile trei za rojo la karatasi lililoshindiliwa na karatasi zozote zinazouzwa kwa sifa ya kutopitisha mafuta.

Sasa stika, na hapa nitakaa kidogo. Kontena la ubaridi la futi 40 linabeba katoni za kilo nne elfu tano na ushee, na ukiwa na saizi 16 maana yake kila katoni ina matunda 16, kwahiyo umebandika stika zaidi ya elfu themanini kwa kontena moja. Kila moja ni kipande cha plastiki kinachoenda kwenye ganda, ganda linaenda kwenye taka za jikoni, taka za jikoni zinageuzwa mbolea, na plastiki inabaki mle. Ndo maana sheria imezikamata stika za matunda na mboga kwa jina: ifikapo 12 Februari 2028 lazima ziwe za kuoza kwenye mitambo ya mbolea. Ufaransa wao waliwahi, tangu 1 Januari 2022 stika inayobandikwa kwenye tunda lazima iwe inaoza hata kwenye pipa la mbolea la nyumbani, ambayo ni ngumu zaidi kuliko ya mtambo kwa sababu nyumbani hakuna joto kali. Na wewe unauza Uholanzi, lakini Rotterdam ni geti tu, nusu ya unachoshusha pale unaweza usijue kinaishia wapi, kwahiyo muulize mnunuzi moja kwa moja kama parachichi zako zinaenda Ufaransa. Kama zinaenda, 2028 kwako haipo, ulishachelewa.

Ukienda kununua stika za kuoza omba cheti kinachotaja EN 13432, kiwango cha Ulaya cha kuoza kwenye mtambo, na kama ni za Ufaransa kile cha kuoza nyumbani, TÜV Austria, kampuni ya kupima na kutoa vyeti, wanatoa kimoja kinaitwa OK compost HOME. Cheti kiwe cha stika nzima pamoja na gundi na wino, sio cha filamu peke yake, wauzaji wanapenda sana kukuonyesha cheti cha filamu. Na kabla hujaagiza roli nyingi za stika jaribu kwanza: ganda la Hass lina magamba, tunda likitoka kwenye ubaridi linatoa jasho, stika ya namna hii ikigoma kushika utaletewa picha ya stika zimelala chini ya katoni. Bandika katoni kadhaa, ziweke chumba cha baridi wiki nne, zitoe, ziache zitoe jasho, halafu uhesabu ngapi zimebanduka.

Ila kuna swali ambalo ningemuuliza mnunuzi kabla ya yote hayo: kwani stika anaihitaji wewe uibandike? Zile namba 4046 na 4225 zilizopo kwenye stika za Hass ni za mtu wa kaunta ajue anauza nini, na parachichi zikifika Uholanzi nyingi zinapita kwenye vyumba vya kuivisha na kufungwa upya. Kama anazifunga upya basi stika yako inafichwa au inabandikwa nyingine juu yake, na wewe umelipia roli za stika, mashine na mtu wa kusimama kwenye mashine. Wapo pia wanaotumia leza kuchora alama kwenye ganda, Marks & Spencer wa Uingereza walianza kuuza parachichi hizo mwaka 2017, lakini mashine yake sio ya pakihausi ya saizi yako labda muungane kadhaa.

Katoni. Nimesema usibadilishe, na nina sababu mbili. Ya kwanza, ifikapo 1 Januari 2030 vifungashio vyote vinatakiwa viwe vinarejelezeka, vitapangwa madaraja A, B na C, yaani kurejelezeka kwa asilimia 95, 80 na 70, na mwaka 2038 C inatolewa. Lakini vigezo vyenyewe vya kupimia hayo madaraja Kamisheni ya Ulaya imepewa mpaka 1 Januari 2028 kuvitoa. Kwahiyo mtu anayekuuzia leo katoni yenye "cheti cha daraja A" anakuuzia hewa. Kadibodi ya kahawia isiyo na nta wala plastiki iko upande salama, kama zako zina nta ndani hapo ndo nenda kaongee na kiwanda mapema. Ya pili ni bahari. Tangu mwishoni mwa 2023 meli nyingi zimekuwa zikikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, wiki mbili hivi za ziada, na mle ndani ya kontena kuna ubaridi na unyevu mwingi, kadibodi inanyonya maji inalegea, katoni za chini zinabeba zote za juu. Sheria inataka uzito wa kifungashio upunguzwe mpaka kiwango kinachohitajika, na kuna mshauri atakuja kukwambia punguza gramu kwenye katoni uonekane wa kisasa. Mwambie sheria hiyohiyo inakubali kulinda bidhaa kama sababu ya uzito. We andika tu kwenye faili: katoni inapangwa mpaka urefu huu, safari siku hizi, unyevu huu, tulijaribu nyepesi ikabonyea. Kontena moja la parachichi zilizopondeka ni taka kubwa kuliko gramu ulizookoa.

Mengine ya 2030 nayapitia haraka kwa sababu kwako ni madogo. Plastiki inayogusa chakula isiyo PET (ile ya chupa za maji) itatakiwa iwe na asilimia 10 ya plastiki iliyorejelezwa, plastiki nyingine kama mikanda ya paleti asilimia 35, ila stika za kuoza zimesamehewa. Nafasi tupu ndani ya kifungashio cha kusafirishia isizidi asilimia 50, katoni ya parachichi iliyojaa haina shida hiyo. Na vifungashio vya plastiki vya kutupa kwa matunda na mboga mbichi chini ya kilo 1.5 vinapigwa marufuku, isipokuwa pale itakapoonekana bidhaa itanyauka au kuharibika bila plastiki. Hilo linawauma zaidi jirani zetu wa Kenya wanaofungia mishiri (maharage mabichi ya maganda) na njegere za maganda kwenye vipakti vya plastiki hukohuko Nairobi. Ila kama una mpango wa kuanza kufunga parachichi mbili mbili kwenye neti ya plastiki ili uongeze thamani, fikiria mara mbili kabla ya kununua mashine.

Huyo kijana wa bio. Muulize swali moja, ni bio kwa kiwango gani? Akianza kuzunguka mbuyu mwache. Baadhi ya plastiki zinazouzwa hivyo ni za kawaida zilizotiwa dawa zimeng'enyuke vipande vidogo, na aina hiyo Ulaya waliipiga marufuku tangu 3 Julai 2021. Hata ile ya kuoza kweli yenye cheti, sheria mpya inailazimisha kwa vitu vichache tu, stika za matunda na vifuko vya chai kwa mfano, nje ya hapo inaweza hata kukuletea matatizo kwa sababu inachafua mkondo wa plastiki za kurejelezwa. Halafu usikubali kuchapa "rafiki wa mazingira" kwenye katoni, kuanzia 27 Septemba 2026 maneno ya jumla kama hayo kwa mlaji bila ushahidi yanazuiwa na sheria nyingine ya Ulaya, na katoni zako zinaonekana dukani.

Ukipata mteja Uingereza kumbuka wao wako nje ya haya. Wana kodi yao ya vifungashio vya plastiki tangu Aprili 2022, kwa plastiki yenye chini ya asilimia 30 ya iliyorejelezwa, ilianza pauni 200 kwa tani, kuanzia Aprili 2025 ikawa pauni 223.69. Analipa impota akivuka tani 10 kwa mwaka, na plastiki ya kushikilia mzigo wa paleti wakati wa kuuingiza imesamehewa.

Hela sasa, maana najua ndo unachosubiri. Ada za kukusanya na kurejeleza taka kawaida analipa aliyeingiza mzigo kwenye nchi, kwa kilo na kwa aina ya malighafi, Uholanzi zinakusanywa na taasisi inaitwa Verpact na kwa miaka mingi kizingiti kimekuwa kilo 50,000 za vifungashio kwa mwaka. Tuseme katoni yako ni gramu 300, kontena la katoni elfu tano ni tani moja na nusu, kwahiyo impota akishapokea makontena kama 34 kutoka kwa watu kama wewe yuko ndani. Wewe unauza kwa mali kauli, si ndio? Tunda linaenda, linauzwa huko, halafu unaletewa hesabu ya mauzo na makato. Basi msimu ujao kagua hayo makato mstari kwa mstari, ukikuta "ada ya vifungashio" imechomekwa uliza imepigiwaje, kwa kilo ngapi, kwa bei gani ya kilo. Hizo kilo wewe unazo, umezipima na mizani yako, hawezi kukupigia hesabu ya juu juu. Hapo ndo utaona kwa nini nimekusisitiza ile fomu uijaze kwa makini.

Dubai? Peleka kama bei ni nzuri, lakini usiende ukidhani unakimbia sheria. Emirati wamezuia mifuko ya plastiki ya kutumika mara moja tangu Januari 2024 na wameongeza vikombe na vyombo vingine vya kutupa kuanzia Januari 2026, haigusi katoni yako leo ila mwelekeo unauona. China tulisaini nao itifaki ya parachichi Novemba 2022, India nayo inapokea. Masoko hayo ongeza, Ulaya usiitoe, maana wanaojaza karatasi ni wachache na huyo mnunuzi wako atabaki na waliojaza.

Kwa leo mjibu hivi, kwa ufupi tu: kwamba uzito na muundo wa kila kifungashio atavipata ndani ya wiki mbili, kwamba tamko la PFAS unalisubiri kutoka kwa kiwanda cha katoni na utaliambatanisha, na kwamba unamuomba athibitishe mambo matatu, nani anahesabika mtengenezaji kwa katoni zenye nembo yako na zenye nembo yake, kama mzigo wako unaingia Ufaransa, na kama stika anazihitaji zibandikwe Njombe au zitabandikwa baada ya kuivishwa. Ile sentensi ya ukurasa wa mwisho kuhusu gharama, kama na fomu yako inayo, ikate kwa kalamu, weka sahihi ndogo pembeni, halafu ndo usaini fomu.